Miti na Matawi Yake

Sentensi ya kwanza aliyoniandikia mwana wa kaka yangu ilikuwa hii: "The clove trees bend under the weight of its buds." Nikaipiga mstari mwekundu. Ya pili ilikuwa na majahazi na "its sails". Nikapiga mstari. Ya tatu nyumba za Mji Mkongwe na "its doors". Nilipofika ya nane mkono umeshachoka na roho imeshanipanda, nikamwambia, kwa sauti ambayo mama yake aliisikia mpaka jikoni, kwamba hatulii, kwamba anakimbilia kumaliza, kwamba mtoto wa kidato cha sita anayefumua hesabu kama anafumua ukili hana udhuru wa kutojua umoja na wingi.

Hakulia, wala hakununa. Aliichukua karatasi, akaisoma tena taratibu, midomo ikicheza.

"Ami, najua miti ni mingi. Lakini nikiisoma, haina kosa. Inanikalia sawa."

Nilimjibu kwamba Kiingereza hakisomwi kwa kukaliwa sawa. Nikaaga, nikashuka zangu mtaani Wete na ile karatasi mfukoni, najiona mwalimu mwenye haki.

Nieleze kwanza mtihani wenyewe anaojiandalia mtoto huyu, maana wazee wengi hapa wakisikia "mtihani wa Marekani" hudhani ni kuulizwa habari za marais wao. Unaitwa SAT. Vyuo vikuu vya kule huutumia kupimia wanaoomba nafasi, na mtoto wa huku anayetafuta ufadhili hujikuta mlangoni kwake hata kama hajawahi kuuona. Tangu 2023 sisi tulio nje ya Marekani tunaufanya kwenye kompyuta. Sehemu ya kusoma na kuandika ina maswali 54 kwa dakika 64, yamekatwa mafungu mawili ya 27, na fungu la pili huja gumu au jepesi kwa kadiri ulivyolifanya la kwanza. Kama robo ya maswali hayo ni sarufi tupu: unapewa kifungu kifupi chenye pengo na majibu manne, uchague moja. Upatanisho wa viwakilishi umo humo. Ulinganishi wa mambo yasiyolingana ulikuwa umetajwa kwa jina lake katika SAT ya karatasi iliyokwisha, na ulikuwa chakula cha kila siku cha mtihani mwengine, GMAT, wa wanaokwenda kusomea biashara, mpaka walipolifuta fungu zima la kusahihisha sentensi walipoubadilisha mtihani mwishoni mwa 2023. Mie vitabu vyangu vya mazoezi ni vya zamani, vimepita mikono mingi, kwa hiyo wanafunzi wangu hufunzwa vyote viwili, watake wasitake. Sijaona aliyedhurika.

Nimesomesha Kiingereza skuli kwa miaka kumi na sita. Sasa mchana nauza saruji na mabati, na baada ya Isha nasomesha tuisheni ubaoni kwangu, watoto saba au wanane, wengine wamekaa juu ya mifuko ya saruji. Njia yangu ya kufundisha kiwakilishi niliipata dukani hapohapo. Mtoto mdogo akija na noti mkononi akataka misumari, humuuzi mpaka umuulize: "Mtoto wa nani wewe? Nani kakutuma?" Akisema katumwa na baba yake, unajua misumari ya inchi ngapi. Akibaki anatazama chini, humpi kitu, kwa sababu kesho watakuja wawili, kila mmoja anadai hela zake. Kiwakilishi nacho ni mtoto aliyetumwa. Ukimkuta "it" au "they" amesimama kwenye sentensi, muulize nani kakutuma. Akimtaja mmoja, vizuri, tazama sasa kama umoja na wingi vinakubaliana. Akiwataja wawili, swali limekwisha: jibu hilo si sahihi hata kama linapendeza.

Njia hii imenifaa miaka mingi. Iliyonishinda ni ile karatasi.

Nilikaa nayo usiku, taa ya chaji imewashwa maana umeme ulikuwa umekwenda zake, nikayahesabu makosa. Kumi na moja. Nikayahesabu na aliyoyapata, na hapo ndipo nilipoanza kuona kitu. Mtego mkubwa wa watunga mitihani hawa ni kuliweka neno lenye kutuma mbali, halafu kati yake na kiwakilishi wakajaza maneno ya kukupoteza. Kapu la machungwa lililoletwa na vijana wawili kutoka mashamba ya juu, halafu mbele huko pengo: "it" au "they"? Mwanafunzi asiyekuwa macho huangukia kwa vijana au kwa machungwa kwa sababu ndiyo yaliyo karibu. Yeye katika maswali ya namna hii hakukosa hata moja. Yale ambayo watoto wa Marekani wenyewe huyakwaa, yeye kayapita kama anapita uwanja wa mpira.

Ukifikiri, si ajabu. Mtoto aliyekulia Pemba tangu hajajua kuvaa viatu anaambiwa, "Pakacha la machungwa alilolileta ami yako juzi lile limeanguka." Hata uingize watu kumi na mikoa miwili hapo katikati, masikio yake yanalingoja "li". Akisikia "yameanguka" anajua kuwa pakacha limebaki na machungwa ndiyo yaliyotawanyika. Kiingereza kina "it" na "they" tu za kufanyia kazi hiyo yote. Sisi tuna ngeli, na kila ngeli ina kamba yake, na mtoto anaishika kamba hiyo kabla hajaingia chuoni kuanza alifu.

Basi kwa nini mtoto anayelishika pakacha kwa umbali wote ule anaangushwa na "trees" na "its" zilizokaa ubavu kwa ubavu?

Nikayaandika upya makosa yake kumi na moja, moja chini ya jengine. Miti na vikonyo vyake. Majahazi na matanga yake. Nyumba na milango yake. Visiwa na fukwe zake. Vitabu na majalada yake. Nimeyaandika kwa Kiswahili, bila ya kukusudia, kwa sababu ni usiku na nimechoka. Nikaweka kalamu chini.

Hebu na wewe yasome kwa sauti. Umesikia kosa lolote? Hakuna. Kwa sababu hakuna kosa. Hivyo ndivyo Kiswahili kinavyosema. Wavuvi na nyavu zao, ndiyo. Walimu na wanafunzi wao, ndiyo. Hata ng'ombe na ndama wao. Lakini miti na matawi *yake*. Mtu wa huku, mkongwe wa huku, hasemi "miti na matawi yao" isipokuwa anatunga hadithi ambayo miti inazungumza. Kiambishi cha kumiliki "-ao" tumewawekea wenye roho. Kisicho na roho, kiwe kimoja kiwe elfu, ni "-ake".

Nilikisema Kiswahili hiki miaka arubaini na ushei na sikuwa nimeliona jambo hilo. Nimesoma ngeli, nimefundisha ngeli wageni waliokuja kujifunza lugha, nimeweza kumweleza Mjerumani kwa nini kijana ni "yule" na si "kile" ingawa ana "ki" mbele. Lakini kwamba "matawi yake" inaweza kuwa ya mti au ya miti, na kwamba haitujali, hilo lilipita chini ya pua yangu.

Tazama neno "yake" lilivyo. Lina nyuso mbili. Kwa mbele, ile "y" inamtazama anayemilikiwa, yaani matawi. Angekuwa jani ingekuwa "lake", kikonyo "chake". Kwa nyuma, "-ake" ndiyo inayomtazama mwenye mali, na huko nyuma ndiko tulikolegeza. Juhudi zetu zote za upatanisho ziko usoni. Mwingereza kafanya kinyume: "its" na "their" havijali kabisa kinachomilikiwa ni kimoja au ni vingi, ni jani au ni matawi, vinamtazama mwenye mali tu, basi. Kwa hiyo mwana wa kaka yangu alipokuwa anasoma "the trees" na "its buds", sikio lake lilikuwa linafanya ukaguzi wake wa kawaida, likakuta kila kitu kipo mahali pake, likampitisha. Hakuwa anakimbilia. Alikuwa anatii sarufi, tena sarufi nzuri, ila si ile anayopimiwa.

Na ndiyo maana makosa yote kumi na moja yalikuwa ya kumiliki. Penye kutenda hakukosa: miti "inainama", visiwa "vinaonekana", hapo umoja na wingi tunautamka kila siku, naye aliandika "they" bila ya wasiwasi. Penye watu hakukosa. Kosa lilikuwa na chumba chake kimoja tu, na mie nilikuwa nimemtuhumu nyumba nzima.

Asubuhi nilikwenda kumwomba radhi. Mama mtu akasema, "Leo jua limechomoza magharibi." Nikanywa chai yangu kimya.

Dawa yake haikuwa ngumu. Nilimwambia kila aonapo "its" aiweke kidole, arudi nyuma amuulize mwenye mali idadi yake, hata kama moyo unamwambia hapana haja. Hasa kama moyo unamwambia hapana haja. Wakati mwengine namuona akifanya, kidole kwenye kioo cha kompyuta ya kuazima, anarudi nyuma kama mtu anayetafuta sindano kwenye jamvi.

Kuna makosa mengine madogo ambayo hayakunisumbua sana. "Timu" kwa mfano. Walimu walionisomesha mie walifundishwa Kiingereza cha Uingereza, ambacho hakioni tabu kusema timu "are" na serikali "their". Mtihani wa Marekani unataka timu iwe kitu kimoja, "its". Hapa Kiswahili kinatupeleka pazuri bila ya kuombwa: timu imeshinda mchezo wake, serikali imetangaza bajeti yake, nani atasema "serikali wametangaza"? Nikamwambia aamini masikio yake katika hili na asahau nilichomfundisha mie alipokuwa kidato cha kwanza. Na "kila mtu" vilevile. Mitihani ya zamani ya Marekani ilikuwa inakuhesabia kosa ukiandika "everyone" halafu ukamrejelea kwa "their". Walitaka "his or her", maneno mazito kama mfuko wa saruji uliolowa. Watu wenyewe hawakuacha kusema "their", na kamusi ya Merriam-Webster ikalifanya "they" neno lake la mwaka 2019. Sisi tunasema kila mtu abebe mzigo wake, hatujui ni mwanamme au mwanamke, wala neno halituulizi. Ugomvi huo ni wao.

Lakini tusijione. Hata sisi upatanisho unatugombanisha, tena mpaka kwenye majalada. Watu wa bara walipotoa kamusi yao 1981 waliiita Kamusi *ya* Kiswahili Sanifu. Baraza la Kiswahili la Zanzibar lilipotoa la kwake 2010, likaitwa Kamusi *la* Kiswahili Fasaha. Vitabu viwili vya kutufundisha maneno, havijakubaliana neno "kamusi" ni mtoto wa nani. Mie nipo upande wa "la", lakini nasema hivyo nikiwa Pemba. Nikivuka Dar huwa nanyamaza.

Kisa ambacho watoto wangu hukipenda ni cha mtihani wenyewe kukosea. Oktoba 2002, katika PSAT, ambao ni mdogo wake SAT, kulikuwa na sentensi hii ya kutafuta kosa: "Toni Morrison's genius enables her to create novels that arise from and express the injustices African Americans have endured." Jibu la watungaji lilikuwa kwamba haina kosa. Mwalimu mmoja wa Maryland akawaandikia kwamba kosa lipo: "her" katumwa na nani? Toni Morrison mwenyewe, yule mwandishi wa riwaya, hayumo kwenye sentensi. Kilichomo ni kipaji *chake*. Jina lake lipo katika hali ya kumiliki tu, na kwa kanuni ya vitabu vingi vya sarufi, jina lililo katika hali hiyo haliwezi kumtuma kiwakilishi cha namna ile. Walimkatalia. Akaendelea kuandika. Mwaka uliofuata wakalifuta swali lile na kuyarekebisha matokeo.

Kila ninapokisimulia hugawana. Wapo wanaomuona mwalimu shujaa, na wapo wanaomuona mtu asiyekuwa na kazi ya kufanya. Mwana wa kaka yangu aliuliza tu: "Kwani kuna mtu alisoma asijue ni nani?"

Hakuna. Nami moyoni nipo naye. Lakini nilitaka aone kitu chengine, nikamwambia aitafsiri nusu ya mwanzo. Akasema: "Kipaji cha Toni Morrison kinamwezesha..." Nikamsimamisha hapohapo. Nikamwambia itazame hiyo "kinamwezesha". "Ki" inarudi kwenye kipaji. "Mw" inamwendea mtu. Kila mmoja kashika njia yake na hawagongani. Swali lililowafanya watu wazima waandikiane barua kwa miezi, sisi tumelimaliza ndani ya neno moja, bila ya kujua kama kulikuwa na swali.

Ulinganishi nao tuliuanzia barazani, si darasani.

Pale penye kahawa, chini ya mwembe, alikuja kijana mmoja muuza samaki anayejisifu. Akasema, "Changu wa Msuka wakubwa kuliko Wete." Mzee mmoja akaweka kikombe chini pole pole, akamtazama. "Yakhe, wakubwa kuliko Wete? Na bandari? Basi mwambie mkuu wa mkoa aihamishe ofisi yake, changu anakuja." Watu wakacheka mpaka kijana akaondoka na ndoo yake. Alikuwa amekusudia kusema wakubwa kuliko *wa* Wete. Herufi mbili.

Nilipowasimulia tuisheni niliandika ubaoni kwa Kiingereza: "The fish of Msuka are bigger than Wete." Nikawauliza, kosa lipo? Nusu wakasema halipo. Nikayafuta, nikaandika alivyosema muuza samaki, wakacheka kama walivyocheka barazani. Kosa ni lilelile moja. Kwa lugha moja ni kichekesho, kwa lugha ya pili halionekani.

Hapa Kiswahili kimetupa ufunguo ambao vitabu vyangu vyote vya mazoezi havina, kwa sababu havikuandikwa na watu wetu. Mwingereza akilinganisha samaki na samaki na hataki kulirudia neno, inabidi atafute maneno mawili ya kukalia nafasi ile, "that of" kama ni kimoja, "those of" kama ni vingi. Mwanafunzi huyaona maneno hayo kama pambo, kitu cha kuandikia barua ya serikali, na huyapita katika majibu manne akachagua fupi. Lakini sisi tuna "a" ya kuunganishia, na "a" hiyo tunaweza kuiacha peke yake bila ya nomino, na haiachwi uchi, imevaa ngeli. Bei ya karafuu ni kubwa kuliko *ya* pilipili hoho: bei moja, "that of". Karafuu za Pemba zina harufu kali kuliko *za* kwengine: karafuu nyingi, "those of". Cha, vya, la, wa, ya, za. Ukishajua unalinganisha nini na nini, neno la Kiingereza linachaguka lenyewe.

Niliwatungia swali la nyumbani kwetu: "Unlike Unguja, the clove trees of Pemba survived the hurricane of 1872." Historia yake wanaijua, au waliijua wakati wa mtihani: kimbunga cha Aprili mwaka ule kiliangusha mikarafuu ya Unguja, kisiwa cha Pemba kikakipita, na tangu hapo kisiwa chetu ndicho kilichobeba zao lile. Kwa hiyo maana ya sentensi hawakuitilia shaka, na hapo ndipo ilipowashika. Unguja ni kisiwa. Kinalinganishwa na miti. Mmoja akasema, "Lakini mwalimu, Unguja haikusalimika," kama kwamba nimekosea historia. Nikamwambia Unguja ipo, juzi ametoka huko kununua simu. Kilichokufa ni miti yake. Iweke kwa Kiswahili: tofauti na *ya* Unguja, mikarafuu ya Pemba ilisalimika. Ile "ya" ndiyo "those of". Akaandika, hakusema tena.

Sentensi zinazoanza na "Unlike" au "Like" ndizo hatari zaidi. Unatangulizwa mtu mmoja mlangoni, ukageuka ukakuta aliyefuata si mwenzake.

La kuangalia jengine ni "any other". "Pemba produces more cloves than any island in Zanzibar." Pemba nayo si kisiwa cha Zanzibar? Basi imejizidi yenyewe. Inatakiwa "any other island", kisiwa chochote *chengine*. Hapa lazima nikiri kwamba Kiswahili hakitusaidii sana, kwa sababu barazani tunasema "kuliko kisiwa chochote" mchana kutwa na hakuna mzee anayeweka kikombe chini. "Kuliko" yenyewe ni neno lenye moyo mpana. Livunje uone: ku-li-ko, pale palipo. Asili yake ni mahali, na nadhani ndiyo maana linavumilia mahali pawekwe popote. Hilo huwaambia wakariri tu. Si kila kitu kina siri nzuri nyuma yake.

Na lipo ambalo lugha zote mbili zimelala. "I love my grandmother more than my brother." Nampenda bibi kuliko ndugu yangu. Namzidi ndugu yangu kumpenda bibi, au bibi namzidishia mapenzi na ndugu yangu nampunguzia? Mwingereza huongeza "does" mwishoni akajiokoa. Sisi inabidi tuizunguke. Mwana wa kaka yangu alipoisoma akasema jawabu haina haja kwa sababu zote mbili ni kweli. Kaka yake alikuwepo.

Atavuka wiki ijayo kwenda Dar kufanya mtihani. Mama yake ameshamfungia halua na mikate ya ufuta ya kumpelekea mwenyeji wake, mzigo mkubwa kuliko *wa* mabegi yake yote. Jana usiku tulifanya mazoezi ya mwisho, maswali ishirini ya sarufi, saa mezani. Alinipa karatasi kabla ya muda kwisha, nikajua kajiamini.

Kumi na nane. Ulinganishi wote kapata, hata ule wa "any other". Aliyemtuma nani, kapata. Mawili aliyokosa nikayafungua nikiwa nimeshajua nitakachokuta: la madaraja, na la lugha za visiwa vya Pasifiki. "Its" na "its".

Aliyatazama kwa muda. Kidole kikaenda nyuma kikamkuta mwenye mali, wingi, kikarudi.

"Lakini ami," akasema, "madaraja na nguzo *zake*."

"Ndiyo."

"Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Sasa?"

Nikafunika kalamu. Nikamwambia aandike "their", azime taa akalale, boti ni ya asubuhi.

"Boti ni wiki ijayo, ami."

"Basi kalale hivyohivyo."